Dondoo muhimu: kagua kwanza, futa baadaye

VStar, programu ya bure ya AAVSO, jumuiya ya waangalizi wa nyota badilifu iliyoanzishwa Marekani mwaka 1911, huweka vipimo vya watu wengi kwenye grafu moja. Nukta ikikaa mbali na nyingine, usikimbilie kuifuta. Anza na muda: siku ya Juliani, hesabu ya siku ambayo grafu hiyo huitumia, huanza saa sita mchana kwa saa za Greenwich, hivyo aliyeko Dar es Salaam asipotoa saa tatu, kipimo chake kitasogea. Kwa nyota Mira, yenye mzunguko wa siku 332 hivi, kosa hilo halionekani kabisa. Kwa Algol, inayofifia kwa saa chache tu, litaonekana waziwazi.

Wapo watakaouliza kwa nini kompyuta isichuje yenyewe kila kilicho mbali na wastani. Tatizo ni nyota kama R Coronae Borealis: hukaa kwenye mng'ao wa 6, pengine kwa miaka, kisha ikaporomoka hata kufikia 14 (namba kubwa, nyota hafifu). Kichujio cha namna hiyo kingetupa tukio lenyewe. Ni kweli jicho nalo hudanganya, hasa kwa nyota nyekundu. Basi tafuta kipimo cha mwangalizi mwingine wa usiku uleule, na kikikosekana, iwekee nukta alama ya shaka na uiache palepale.