Mstatili Ubaoni: Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Sehemu

Nafundisha Hisabati katika shule ya msingi, na mada ninayoipenda kuliko zote ni sehemu. Hapo ndipo watoto wengi huanza kuliogopa somo, na hapo ndipo mstatili mmoja, rula na chaki hunisaidia kuliko kanuni yoyote.

1. Duara huchosha mapema. Nusu na robo hutoka vizuri, lakini mwambie mtoto aligawe duara kwa tano kwa mkono mtupu! Mstatili wa vyumba 10 kwenye daftari la miraba hugawanyika kwa tano bila ubishi.

2. Vipande sawa si lazima vifanane umbo. Chora mstatili wa vyumba 6 kwa 4, upige mistari miwili kutoka pembe hadi pembe. Zinapatikana pembetatu nne, mbili pana na mbili zilizosimama. Je, kila moja ni robo? Darasa hubishana, nami huwaacha wabishane. Kisha tunachukua mkasi na kukata kila pembetatu katikati, kuanzia kileleni. Vipande vinane vinavyotokea hulaliana barabara, hata kama vingine itabidi kuvigeuza. Hapo mtoto anajua kwamba kinacholinganishwa ni eneo.

3. Kila mara uliza, “Sehemu ya nini?” Ili kuonyesha 5/4 unahitaji mistatili miwili, kila mmoja umegawanywa kwa nne, na vipande vitano vimetiwa kivuli. Mtoto akihesabu vipande vyote ataandika 5/8. Hesabu yake ni sahihi kabisa kama kizima ni mistatili yote miwili pamoja. Kwa hiyo kabla ya kuweka alama ya kosa, nawauliza wote: kizima chetu ni kipi?

4. Kujumlisha ndiko kunakodai picha. Ukiandika 1/2 + 1/3, wengi hujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, wakapata 2/5. Nawaonyesha kwamba 2/5 ni ndogo kuliko ile nusu tuliyoanza nayo. Tumeongeza kitu, kikapungua! Kisha tunachora mstatili, tunaugawa kwa mbili kwa wima na kwa tatu kwa mlalo. Vyumba ni 6. Nusu inachukua 3, theluthi inachukua 2, jumla 5/6. Sitaji KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) siku hiyo. Nataka kwanza waone kwamba nusu na theluthi hazihesabiki pamoja mpaka zikatwe vipande vya ukubwa mmoja. Ningepewa kipindi kimoja tu cha kufundisha sehemu, ningekitumia hapa.

5. Kuzidisha ni mchoro uleule. Kwa 2/3 × 3/4, tia kivuli safu mlalo 2 kati ya 3, kisha safu wima 3 kati ya 4. Vyumba vilivyotiwa kivuli mara mbili ni 6 kati ya 12, yaani nusu.

6. Mchoro una mwisho wake. Kwa 1/4 + 1/6, mstatili wa 4 kwa 6 hutoa vyumba 24 na jibu 10/24, wakati vyumba 12 vingetosha na jibu likawa 5/12. Kwa 3/7 + 2/11 vyumba ni 77, na mikono huchoka. Darasa likianza kunung’unika na kuuliza kama hakuna njia fupi, ndipo ninapoandika KDS ubaoni.