Subiri Utamu Upite: Namna ya Kuonja na Kulinganisha Vileo vya Krimu vya Ayalandi

Mpe mtu funda moja la Baileys, atakwambia ni tamu. Mpe Carolans, atasema hivyo hivyo. Wengi huishia hapo, wakaamua kwamba vileo vyote vya krimu kutoka Ayalandi ni kitu kimoja kwenye chupa tofauti, basi wachukue ya bei nafuu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Sukari na krimu hutangulia mdomoni na kuziba kila kitu kwa muda. Wiski, kakao, asali na vanila hujitokeza baada ya kumeza. Anayetoa hukumu kwenye funda la kwanza huwa amehukumu sukari tu.

Ni vizuri kujua unachokitafuta kabla ya kufungua chupa. Baileys ndiyo iliyofungua njia, mwaka 1974: wiski ya Ayalandi, krimu, sukari, kakao na vanila, kwa kilevi cha asilimia 17. Carolans ilifuata mwaka 1978, na alama yake ni asali. Saint Brendan's hutoka Derry, Ayalandi ya Kaskazini. Coole Swan ya Kaunti ya Meath ina chokoleti nyeupe, na kilevi chake ni asilimia 16. Five Farms hujivunia krimu ya mashamba ya familia katika Kaunti ya Cork. Jina la krimu ya Ayalandi linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya: kileo lazima kitengenezwe katika kisiwa hicho na kiwe na wiski ya huko, ambayo nayo ni lazima iwe imekaa kwenye mapipa ya mbao kwa miaka isiyopungua mitatu. Ndiyo maana Amarula ya Afrika Kusini, ambayo baa nyingi za kwetu huipanga bega kwa bega na Baileys, haimo katika kundi hili. Kilevi chake hutokana na tunda la mmarula. Hata hivyo iweke mezani kama mgeni. Harufu yake ya matunda itakusaidia kuitambua wiski kwenye glasi za jirani, kwa sababu ndani yake wiski haimo.

Chupa tatu au nne zinatosha. Zikizidi hapo, mafuta ya krimu yanauchosha ulimi na glasi za mwisho zinaonewa. Baileys utaipata karibu kila duka la vinywaji. Kwa nyingine, mwombe ndugu anayerudi kutoka Ulaya au Marekani. Mimina mililita 20 tu kwa kila glasi. Glasi nne ni mililita 80, na kwa asilimia 17 hizo zina kilevi cha karibu mililita 14, zaidi kidogo ya nusu ya kilichomo kwenye chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5. Utamu huifanya pombe hii ionekane nyepesi kuliko ilivyo, hivyo anayeendesha gari akae pembeni aandike matokeo.

Tumia glasi ndogo za mvinyo zilizobana kidogo mdomoni ili harufu isitawanyike. Weka maji ya uvuguvugu na mkate mkavu au biskuti zisizo na sukari. Maji baridi hayafai hapa: hugandisha mafuta ulimini badala ya kuyasafisha. Kahawa, pipi za mnanaa na chakula chenye pilipili viache angalau nusu saa kabla.

Sasa kuonja kwenyewe. Tikisa chupa, mimina, kisha inamisha glasi na kuirudisha. Angalia jinsi kileo kinavyoteremka ukutani: kizuri huacha utando laini ulio sawasawa, bila chembechembe. Nusa mara mbili, kwanza kwa mbali, kisha karibu. Kwa mbali utapata vanila na chokoleti. Karibu, kama wiski ipo ya kutosha, utasikia harufu ya nafaka na mbao, na ukali mdogo puani. Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, meza, halafu funga mdomo na upumue kupitia puani. Hesabu polepole hadi kumi bila kusema neno. Ukifika tatu au nne sukari huanza kuondoka, na hapo ndipo penye kazi. Je, kinachobaki ni joto la wiski linaloshuka kifuani? Ni uchungu mzuri wa kakao? Ni asali? Au ni ule utamu wa vanila ya kiwandani unaong'ang'ania kaakaa kama dawa ya kikohozi ya watoto? Andika hapo hapo, kwa maneno yako mwenyewe, kabla mwenzako hajafungua mdomo. Mtu mmoja akishasema "asali", meza nzima itaisikia asali.

Kwa sababu hiyo hiyo, onjeni bila kujua kipi ni kipi. Mmoja amimine jikoni, abandike namba chini ya glasi, na asikae karibu na meza. Chupa nzuri na bei kubwa vina nguvu kuliko tunavyopenda kukiri. Na ukitaka kuhakikisha kwamba kweli unaweza kutofautisha chupa mbili, fanya jaribio la glasi tatu: mbili zina kileo kimoja, ya tatu ina kingine, nawe utafute ile ya peke yake. Kwa kubahatisha tu utapatia mara moja katika tatu, kwa hiyo jibu moja sahihi halithibitishi kitu. Rudieni mara kadhaa, mkibadilisha mpangilio. Anayeendelea kukosea asisikitike: amegundua kwamba hana sababu ya kulipia ile ya ghali.

Raundi ya kwanza ionjwe bila barafu, kileo kikiwa kimetolewa kwenye friji kama dakika ishirini kabla. Baridi kali hupunguza utamu na kuficha harufu, ndiyo sababu kila kileo cha krimu huonekana kizuri kikiwa na barafu. Raundi ya pili tia kipande kimoja, ungoje kiyeyuke kiasi. Vingine hubaki na umbo lake. Vingine hugeuka maziwa yenye sukari.

Kuhusu chupa yenyewe: watengenezaji wa Baileys wanaihakikishia ladha miezi 24 tangu kutengenezwa, iwe imefunguliwa au la, mradi ikae kati ya nyuzi 0 na 25. Kilevi ndicho kinachoilinda krimu isiharibike. Lakini rafu ya duka lisilo na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa huvuka nyuzi 25 kwa urahisi, kwa hiyo soma tarehe, na epuka chupa iliyopangwa dirishani palipo na jua. Ukifungua ukakuta mabonge shingoni au harufu ya mtindi, usiilinganishe na chochote, imwage.

Usithubutu kuchanganya na ndimu wala toniki. Ukitaka kuona sababu, dondosha matone machache ya ndimu kwenye kijiko cha Baileys: protini ya maziwa iitwayo kaseini hushikana papo hapo, na kijiko kinajaa vibonge. Kahawa ni salama zaidi, hasa iliyokaangwa sana. Kama ni ile yenye uchachu, iache ipoe kidogo kwanza.

Na kahawa inastahili raundi yake, kwa kuwa hivyo ndivyo wengi wetu tunavyovinywa. Tia mililita 20 za kila kileo kwenye kikombe kidogo cha kahawa nyeusi isiyo na sukari. Matokeo hubadilika kabisa. Kwa ulimi wangu, asali ya Carolans, inayonipendeza sana ikiwa peke yake, humezwa na kahawa, ilhali kakao ya Baileys husimama imara. Coole Swan ningeiacha kwenye glasi yake. Andika washindi wawili basi, wa glasi na wa kikombe cha kahawa, na ukienda dukani ununue kulingana na unavyokunywa nyumbani.