Kuwezeshana: Mgonjwa wa Akili na Nduguze

Nchini Tanzania, watu wengi wenye magonjwa makali ya akili, kama skizofrenia, huishi na familia zao. Wodini mgonjwa hukaa majuma machache; nyumbani huishi miaka. Kwa hiyo maelewano yake na nduguze ni sehemu ya tiba.

Mwaka 1972, watafiti wa Uingereza, George Brown, James Birley na John Wing, walichapisha matokeo kuhusu wagonjwa wa skizofrenia waliotoka hospitalini na kurudi kwa jamaa zao. Katika nyumba zilizojaa lawama, uhasama au wasiwasi uliopita kiasi, asilimia 58 waliugua tena ndani ya miezi 9; katika nyumba nyingine, asilimia 16. Hii haina maana kwamba familia ndiyo chanzo cha ugonjwa. Lawama nyingi huzaliwa na uchovu, hofu na kutoelewa: ndugu huona uvivu pale ambapo ugonjwa umemwondolea mtu ari.

Tuchukue mfano wa mama amhesabiaye mwanawe vidonge kila usiku huku akimkaripia. Kijana hutetemeka mikono na kusinzia mchana kutwa kwa sababu ya dawa, hivyo huvitema kwa siri. Mama anajua kwamba dawa zilimtuliza mwanawe. Kijana anajua zinavyomtesa. Wote wawili wanasema kweli. Wakisikilizana, watakwenda kliniki pamoja, na daktari ataweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Wasiposikilizana, dawa zitaachwa, na ugonjwa utarudi.

Mradi wa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, uliojaribiwa Dar es Salaam na Mbeya, uliwakutanisha wagonjwa na ndugu zao katika vikundi vya mafunzo. Jina hilo lina somo: si kuwezeshwa, bali kuwezeshana. Mgonjwa naye ana la kutoa. Huweza kulea, kulima, kuuza dukani na kumfariji anayemuuguza.

Ni vema familia ikubaliane mambo yafuatayo wakati mgonjwa ana nafuu:

1. Dalili zake za mwanzo, kama kukosa usingizi, kujitenga au kushuku watu.
2. Nani atamweleza dalili hizo, na kwa maneno gani.
3. Nani atamsindikiza kliniki.
4. Kazi ya nyumbani itakayokuwa yake.
5. Siku ambayo anayemuuguza atapumzika, na nani atashika nafasi yake.

Mgonjwa akisema anataka kujiua au kumdhuru mtu, asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya mara moja.

Mhudumu wa afya naye ana wajibu. Mara nyingi ndugu huulizwa habari zote ilhali mgonjwa ameketi kimya pembeni. Aulizwe mgonjwa kwanza; kisha, kwa ridhaa yake, ndugu. Mwishoni ndugu aulizwe swali ambalo ni nadra kuulizwa: yeye mwenyewe anaendeleaje?