Si Kila Maumivu ya Taya ni Jino
Mzee wa Kibondo au Kasulu achomwaye shavuni ghafla, kwa sekunde chache, kila atafunapo au anawapo uso, huenda akang'olewa meno mazima bure. Kiini chake aghalabu ni mshipa wa tano wa fahamu wa kichwani, uliobanwa na mshipa wa damu karibu na ubongo. Hutibiwa kwanza kwa kabamazepini, dawa ya kifafa. Ikimlevya mzee hata akayumba, upasuaji hufikiriwa. Kufungua fuvu na kuitenganisha mishipa hiyo kwamfaa mwenye nguvu. Kwa aliye dhaifu, sindano hupenyezwa shavuni hadi kwenye shina la mshipa, likaunguzwa: maumivu hutulia, pengine kwa miaka, ila shavu huingia ganzi. Nami naona wengi wangelichagua ganzi hiyo.