Kasisi Henry Duncan na Vitu Vidogo

Katika somo letu la leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za Kasisi Henry Duncan wa Uskoti, ambaye maisha yake yatufundisha kutodharau kitu kwa udogo wake.

Alizaliwa mwaka 1774. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika benki mjini Liverpool, lakini moyo wake haukutulia, akaiacha kazi ile akasoma elimu ya dini. Mwaka 1799 akawa kasisi wa Ruthwell, kijiji kilicho kusini ya nchi, karibu na pwani.

Wengi wa watu wake walikuwa masikini. Mabenki ya siku zile hayakupokea fedha iliyopungua pauni 10, na kibarua angeipata wapi? Basi akiba yake kidogo ilikaa nyumbani, ikaibiwa au ikatumika ovyo, na siku ya ugonjwa ikamkuta mikono mitupu. Mwaka 1810 Bwana Duncan alifungua benki ya akiba pale kijijini, iliyopokea hata peni 6, yaani nusu ya shilingi, na kumlipa faida mwenye kuweka. Haba na haba hujaza kibaba: benki za namna hiyo zikaenea Uingereza na nchi nyingine.

Kasisi huyu alipenda pia kuchunguza mawe. Katika machimbo ya Corncockle Muir zilionekana alama kama nyayo juu ya mawe ya mchanga. Wengine wangalizipita tu; yeye alipeleka mifano yake kwa William Buckland, mwalimu wa elimu ya mawe huko Oxford. Bwana Buckland hakusadiki upesi. Aliwatembeza kobe juu ya unga uliokandwa, akalinganisha nyayo zao na zile za mawe, ndipo akakubali kwamba ni nyayo za wanyama kweli. Mwaka 1828 habari hizo zikasomwa mbele ya chama cha wataalamu mjini Edinburgh. Leo yajulikana kwamba wanyama wale hawakuwa kobe, bali viumbe walioishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla ya dinosaria.

Bwana Duncan alifariki mwaka 1846. Peni za vibarua na alama za mawe zilikuwako kabla yake, na watu walizipita kila siku. Walimu na wawaulize wanafunzi wao: katika kijiji chetu, ni kitu gani tunachokipita bila kukitazama?