Kujifunza kupika mlenda nikiwa safarini

SWALI: Mwezi ujao nasafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, na nitapumzika Singida siku mbili. Nitajifunzia wapi kupika ugali wa uwele na mlenda?

JIBU: Usitafute darasa, tafuta jiko. Mwombe mwenyeji wako au mama lishe akuruhusu uingie jikoni tangu asubuhi. Mwamkie kwanza, kisha mkubaliane malipo ya muda wake. Kuku wa kienyeji wa kulia ugali huo na mafuta ya alizeti nunua wewe.

Mlenda ndio utakaokutoa jasho. Ukienda kipindi cha mvua, kati ya Desemba na Aprili, utayapata majani mabichi. Kiangazi hupikwa yaliyokaushwa na kutwangwa. Maji yakichemka, tia magadi kidogo sana, maana yakizidi mboga huwa chungu. Kisha majani, na usifunike sufuria: povu hupanda ghafla na kuzima moto. (Mimi limenizimia mara mbili, wenyeji wangu wakicheka.) Nyanya na karanga zilizotwangwa huja baadaye. Inua mwiko: mlenda ukivutika kama uzi, umeiva.

Ugali huanza na uji. Unga wa uwele ukikaa huchacha na kuwa mchungu, kwa hiyo usage wa siku hizo tu. Kusonga ni kazi ya mabega. Usiogope kuomba upokewe mwiko.

Kuku mwanzishe mapema kuliko vyote. Wa Singida hana haraka ya kulainika.