Mabinti Watano Mlangoni pa Hema

Andiko la somo: Hesabu 27:1-11, Yoshua 17:3-6. Soma pia Matendo 6:1-7.



Somo la juma hili nalianza na toba. Mwaka juzi, mwezi wa nne, Jumapili moja kabla ya ibada ya pili, mzee wa mtaa alinishika mkono pale mlangoni akanipa karatasi. Ilikuwa notisi ya mkutano wa wananchi kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti, katika wadi yetu, Alhamisi saa nne asubuhi. Aliniomba niisome tu wakati wa matangazo. Nikaikunja, nikaitia kwenye Biblia. Siku hiyo matangazo yalikuwa mengi: harusi mbili, kesha la vijana, mchango wa viti vya plastiki. Nikasema nitaisoma mwishoni. Mwishoni watu walikuwa kwenye maombi mazito, na nani angesimamisha maombi asome habari ya bajeti? Wiki tatu baadaye niliikuta kwenye kitabu cha Zaburi.

Wengi wenu mnaijua ile chemchemi tunakochota maji, iliyo bondeni. Ukuta wake ulikuwa umebomoka na bomba limepasuka, na mvua ikinyesha, maji ya kutoka vyooni na kwenye mazizi ya ng'ombe yanateremka na kuingia humo humo. Mvua ya masika mwaka ule watoto wetu wa Shule ya Jumapili waliugua matumbo mmoja baada ya mwingine. Tuliwaombea. Tulichanga nauli ya kuwapeleka hospitali. Kisha siku ya maombi ya akina mama, mama mmoja akaniuliza mbele ya wenzake, wala hakuwa na hasira: "Pasta, si ulipewa barua ya mkutano? Watu wa kule ng'ambo walienda. Wao chemchemi yao iliandikwa." Mimi ni mtu niliyesoma biashara chuo kikuu. Bajeti naijua. Na sikuwa na jibu.

Siwezi kudai kwamba ningeisoma ile notisi, chemchemi yetu ingejengwa mwaka ule. Lakini kulikuwa na mlango, na niliufunga bila hata kujua nimeushika.

Sasa fungua Hesabu 27. Selofehadi amefia jangwani bila mtoto wa kiume. Nchi inakaribia kugawanywa, na kwa desturi ya siku zile jina lake linafutwa kwenye orodha. Anao mabinti watano, na Biblia imewataja kwa majina: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Wangeweza kukaa kwenye hema lao na kulia. Wangeweza kwenda usiku kwa mkubwa mmoja wanayemfahamu wamsihi kando. Hawakufanya hivyo. Walikwenda wote watano, mchana, wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote. Yaani walichagua mahali ambapo kila kiongozi yupo na kila mwananchi anasikia.

Nataka mwangalie jinsi walivyosema, kwa sababu hapa ndipo mafunzo yangu ya chuoni yalinisaidia kuisoma Biblia. Hotuba yao ni fupi sana. Wametaja mhusika ni nani. Wamejibu mapema swali ambalo mtu angewatupia: baba yetu hakuwa kwenye kundi la Kora lililomwasi Bwana (mstari wa 3). Wameeleza hasara itakayotokea, jina la baba yao kupotea katika jamaa yake. Na mwisho wameomba kitu kimoja kinachopimika, urithi pamoja na ndugu za baba yao. Hakuna matusi, hakuna kuzungukazunguka. Nimeona maombi ya mkopo yaliyoandikwa na watu wenye digrii ambayo hayafiki hapo.

Musa hakuwaambia wanaasi mamlaka. Alipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akasema wamenena sawasawa. Na jibu halikuishia kwao watano. Kuanzia mstari wa 8 limekuwa sheria ya Israeli yote.

Kuna wapendwa ambao wakisikia mambo haya wanasema, "Pasta, hiyo ni siasa, na siasa ni chafu, sisi tuwaombee tu viongozi." Kuomba tutaomba, tumeagizwa. Lakini Warumi 13 ile ile tunayoipenda inasema pia habari ya kulipa kodi, na sisi tunalipa. Mama mboga analipa ushuru wa soko. Kijana wa boda boda analipa kila anapotia mafuta. Katiba ya 2010, kifungu cha 203, inasema kaunti zote kwa pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kifungu cha 201 kinasema mambo ya fedha za umma yawe wazi na wananchi washirikishwe. Mtu akilipa dukani haitwi mwasi kwa kuuliza risiti.

Tena kuna jambo lililonichoma zaidi nilipolisoma. Mwaka 2013 kaunti ya Kiambu ilipitisha sheria yake ya fedha, ile inayopanga ushuru na ada. Wananchi wakaenda mahakamani, na mwaka 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu akaibatilisha kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Katika uamuzi wake alisema haitoshi kurusha ujumbe mtandaoni na kuwaachia watu waupekue wenyewe. Alitaja sehemu ambazo bunge la kaunti linapaswa kutumia ili kuwafikia wananchi, na mbele kabisa kwenye orodha hiyo ni makanisa, kisha misikiti, mahekalu, mabaraza na redio, hata zile za lugha za mama. Jaji alijua notisi ikifika kanisani imefika kwa watu. Hakujua kuna pasta mmoja Kakamega ataiweka kwenye Zaburi.

Niseme na jambo la kalenda, maana hapa ndipo wengi tunapotea. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Ule mkutano wa mwezi wa nne au wa tano, wenye hema na vipaza sauti, ndio tunaoujua, lakini kufika wakati huo orodha kubwa ya miradi imekwisha kupikwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata ufike bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Mwezi wa pili, kabla ya tarehe 28, inakuja karatasi ya mikakati ya fedha, inayoonyesha kila idara itapata kiasi gani. Makadirio yenyewe yanafika kufikia tarehe 30 Aprili, na kufikia 30 Juni yawe yamepitishwa. Na Sheria ya Serikali za Kaunti inakataza pesa kutengwa nje ya mpango. Kwa hiyo aliye na shida ya maji aanze kusema mwezi huu wa nane. Anayengoja mwezi wa tano anakuta sufuria imeshaepuliwa. (Tena wengine wanaenda kwa ajili ya soda na nauli, wanatia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio na kuondoka. Sahihi yako ikibaki pale bila maoni yako, inahesabiwa kwamba ulishirikishwa.)

Agosti mwaka jana tulikwenda. Tulikuwa 11, wengi wao akina mama, wakiwemo wawili wa kanisa jirani na mmoja Mwislamu anayechota maji pamoja nasi. Kabla ya hapo vijana wawili walikaa chemchemini asubuhi moja tangu saa kumi na mbili, wakiwa na daftari, wakihesabu mitungi. Tuliandika ukurasa mmoja: chemchemi iko wapi, nyumba zipi zinaitegemea, nini kimeharibika, tunaomba nini. Yule mama aliyeniuliza swali ndiye aliyesoma. Mimi nilikaa nyuma. Kaunti yetu ina wadi 60, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579. Hakuna gavana wala mwakilishi wadi atakayejua peke yake kwamba bomba letu limepasuka. Ni lazima aambiwe, na aambiwe kwa maandishi, na nakala ibaki na sisi ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa.

Mwezi wa sita mwaka huu tulipoipata bajeti iliyopitishwa, chemchemi yetu ilikuwamo. Mlipiga vigelegele, nakumbuka. Na hapa ndipo nataka mrudi kwenye Biblia, Yoshua 17:3.

Miaka imepita. Musa amekufa. Uongozi umebadilika, kama sisi tulivyobadilisha mwaka 2022, Gavana Oparanya akamaliza vipindi vyake viwili na Gavana Barasa akaingia. Nchi inagawanywa sasa. Na ni akina nani wanasimama tena mbele ya Eleazari, na sasa mbele ya Yoshua? Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Wamekuja kusema, Bwana alimwamuru Musa atupe urithi. Ahadi ilikuwepo, sheria ilikuwepo, Mungu mwenyewe ndiye aliyeitoa, na bado walilazimika kurudi kuidai. Walipodai walipewa. Kwa miaka mingi nilihubiri Hesabu 27 na sikuwahi kufika Yoshua 17.

Bajeti si pesa. Bajeti ni ruhusa ya kutumia pesa zikija. Pesa zinaweza kuchelewa kutoka Hazina, zinaweza kuhamishiwa kwingine kwa bajeti ya nyongeza, mkandarasi anaweza kumwaga saruji ya siku mbili akalipwa ya wiki mbili. Ndiyo maana wenzetu wa Mombasa, shirika la MUHURI, mwaka 2007 walifanya jambo pale Changamwe ambalo tungefaa kuliiga. Wakazi wa kawaida walifundishwa kusoma rekodi za miradi ya CDF, wakatembea mradi kwa mradi wakilinganisha kilichoandikwa na kilichosimama pale, kisha wakayasoma waliyoyapata katika mkutano wa hadhara. Njia hiyo ilikuwa imetumiwa na wanavijiji wa Rajasthan kule India tangu miaka ya 1990. MUHURI ni Waislamu, ndio. Yesu alimsifu Msamaria, na sisi tunaweza kujifunza hesabu kwa jirani.

Sisi tuna haki ya kuuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Isipojibu, malalamiko yanakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua ya kuuliza habari si barua ya vita. Tutauliza mambo machache: kandarasi ya chemchemi imetangazwa au bado, ni ya kiasi gani, kazi inatakiwa kuanza na kumalizika lini, na vipimo vyake ni vipi, ili vijana wetu wajue wanapima nini.

Nimeulizwa kama kanisa litaandika barua hiyo kwa jina lake. Hapana. Matendo 6 inanisaidia hapa. Wayahudi wa Kiyunani walipolalamika kwamba wajane wao wanasahaulika katika huduma ya kila siku, mitume hawakuwanyamazisha na pia hawakulichukua jambo lile mikononi mwao. Waliwaambia ndugu wachague wenyewe watu saba wenye sifa njema. Barua itakwenda kwa majina ya wakazi, Mkristo kwa Mwislamu, wenye kura za vyama tofauti. Madhabahu hii haitapewa mwanasiasa eti kwa sababu ya chemchemi, hata akija na mabati ya jiko letu. Akitaka kusema habari ya maji, tutampeleka bondeni asemee kule.

Jumatano hii baada ya maombi ya jioni tutakaa ukumbi wa nyuma tuandike. Wale 11 waje, na yeyote anayechota maji pale. Aliye na nakala ya ule ukurasa wa mwaka jana aje nayo, maana yangu imelowa mvua. Aliye na futi ya kupimia aje nayo pia. Na mtu akikupa notisi ya mkutano wowote wa wadi, tafadhali mpe katibu wa kanisa, ana daftari lake la kuandika tarehe na ndiye atakayeisoma kabla ya sadaka. Usinipe mimi.